Hita ya Upande wa Abiria

Kimaka, Jinja
Jioni

Mwanangu Amoding,

Salamu naziacha, maana ninapoandika nakusikia ukicheka kwa jirani unakoaga, na mtu anayecheka hivyo hajambo. Barua hii nitakupa mkononi kesho. Usiifungue barabarani. Pitia Tororo, na ukifika Busiu simama pale wanapouza ndizi, zima injini, kisha uisome. Nimechagua Busiu kwa sababu kutoka hapo Mbale ni karibu lakini bado hujaingia mjini, na mtu ambaye hajafika bado anaweza kuamua.

Mambo ya kula, kulala, kufunga milango na kutobeba watu usiowajua sitayaandika. Unayajua, na usiyoyajua utajifunza bila mimi. Nataka kukuandikia juu ya hita.

Uliniambia umepata kazi Mbale kwa mfanyabiashara wa jumla, mtu anayetaka dereva mwenye gari la kusambaza sukari na sabuni madukani. Ukaniomba pikapu. Nikakupa siku ileile, nawe ukashangaa, kwa sababu unanijua. Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilifundisha ufundi wa magari jeshini kwa miaka mingi, na kule dereva akikuletea gari hukuambia, "Afande, limezima tu, mimi hapana fanya kitu." Ukimwamini, kesho atakuletea lingine. Nilijifunza kuuliza mpaka mtu achoke kusema uongo. Kazi ilinitaka hivyo, na tabia hiyo nikairudisha nyumbani kila jioni pamoja na grisi ya kwenye kucha.

Basi safari hii sikuuliza. Nilijisifu moyoni kwamba hatimaye nimezeeka vizuri. Sifa hizo zilidumu mpaka uliposema, "Baba, kabla sijaondoka nataka turudishe hita."

"Hita ya nini?"

"Ifanye kazi."

"Hapa Jinja? Utajichoma miguu."

"Baba, si naenda Mbale? Mbale iko chini ya mlima. Asubuhi kuna baridi."

"Mimi nimekaa Mbale. Baridi ya Mbale inaisha kwa kikombe cha chai."

Ukacheka, ukaniuliza kama nimeshapewa gazeti. Uliyabadilisha maneno kwa ulaini kabisa, na mimi ndiye niliyekufundisha kubadilisha gia bila kelele.

Unajua nilivyo, lazima nieleze. Hita ya gari haina moto wake yenyewe. Inaazima joto la injini. Maji yaliyopata moto kwenye injini yanapita katika mipira miwili, yanavuka ule ukuta wa bati ulio mbele ya miguu, yanaingia katika rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni inapuliza hewa juu ya rejeta hiyo, na hewa inaingia kabini ikiwa na joto. Rejeta hiyo ndogo ikitoboka, maji yanadondoka kwenye miguu ya abiria, kioo cha mbele kinashika ukungu, na injini inapungukiwa maji bila wewe kuona tone hata moja chini ya gari.

Pikapu yetu ilitengenezwa na watu wa nchi za baridi. Huku kwetu rejeta ya hita ikitoboka fundi hahangaiki nayo. Anang'oa mipira miwili, anaiunganisha kwa kipande cha bomba, maji yanarudi kwenye injini bila kupita kabini, na mwenye gari anaendelea na maisha yake. Tena kuna thamostati, kijilango kinachoyazuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ishike moto. Hiyo nayo tunaitoa na kuitupa, kwa hofu ya injini kuchemka. Niliwafundisha vijana wengi kwamba kuitupa ni makosa. Ya kwetu niliitupa kwa mkono wangu.

Kwa hiyo niliposikia unataka hita sikuuliza zaidi. Lakini nilipoona umetoka mjini na thamostati mpya kwenye mfuko wa karatasi, moyo ulianza kazi yake ya zamani. Mtu anayetaka hita kwa sababu tu inapendeza hajui habari ya thamostati. Anayejua kwamba bila thamostati injini haishiki moto wa kutosha, na bila moto huo hita inapuliza hewa baridi, huyo ameuliza. Ameuliza kwa sababu anaihitaji. Nami nikajiuliza, binti wa kusambaza sukari anahitaji joto la nini?

Nikafikiria magendo. Nisamehe, ndivyo kichwa changu kinavyokwenda. Juu ya mlima kuna njia za kuvukia Kenya ambazo si za barabara kuu, na kahawa inajua kuzipita usiku. Kule juu usiku ni baridi. Nikaona nimekukamata. Nikamngoja Wafula.

Unajua nilivyomshuku Wafula tangu alipopanga nyumba ya pili. Dereva wa lori, Mkenya, anacheka kabla ya kusalimu. Yeye ndiye uliyemwagiza rejeta ndogo kutoka kwa wauza vyuma vya magari Mbale. Alipokuja kuileta ulikuwa kisimani. Nikamketisha.

"Wafula, huyu binti anakwenda wapi?"

"Mzee, wewe ndiye baba. Waniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye uliyeleta rejeta."

"Nimeleta rejeta. Safari sijaleta."

"Kuna watu wanavusha kahawa mlimani."

"Wapo. Lakini kahawa haisikii baridi, mzee. Gunia la kahawa laulizia hita?"

"Sasa hita ni ya nani?"

"Ya gari," akasema, akainuka. "Mzee, jeshi lilikosea kukupa spana. Lingekupa kiti na taa ya kummulika mtu usoni."

Alicheka peke yake mpaka langoni. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli. Kahawa haisikii baridi. Anayesikia baridi ni mtu. Nikaiacha kahawa nikamshika Wafula mwenyewe: labda ndiye atakayekaa kando yako, labda huko Mbale hakuna sukari wala sabuni. Nililala na wazo hilo na asubuhi nikaamka nalo.

Ile rejeta nayo niliishuku. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, mpya, inang'aa, na chuma kilichovalishwa nguo mpya huwa kinaficha kovu. Uliniona nikiikwangua kwa kisu. Ulisema, "Baba, hata rejeta unaihoji?" Nikakwambia lete beseni. Tukaziba bomba moja kwa kipande cha mti, la pili tukalifunga kwenye pampu ya baiskeli, tukaizamisha majini, ukapampu. Pale bomba linapoungana na shaba vikatoka viputo vidogo, kimoja kimoja, kama samaki anayepumua. Tukakausha, ukalehemu wewe, mkono wako ukiwa umetulia kuliko wangu. Tukaizamisha tena. Maji yakatulia.

Nilifurahi siku ile kuliko ilivyostahili. Kushuku kwangu kulikuwa kumesaidia. Nikakaa nikijiambia, ona, mtu asiyeshuku angefunga rejeta inayovuja. Ni baadaye, nikikusanya vyombo, ndipo nilipoona nilichokuwa nimekosa miaka yote. Rejeta ukiizamisha kwenye beseni haikasiriki. Haikumbuki kwamba uliizamisha. Ukiitoa ni rejeta ileile, na sasa unajua hali yake. Mtu siyo hivyo. Mtu ukimzamisha ili uone kama anavuja, hata usipoona kiputo, unayemtoa majini siye uliyemwingiza.

Nitakuambia jambo la mama yako, kwa ufupi, kwa sababu mengi uliyasikia ukutani ukiwa mdogo. Mimi na yeye hatukuwa na lugha nyingine ya kupatana ila Kiswahili. Mimi Mteso, yeye binti wa Kapchorwa kule mlimani, tulikutana Mbale, na Kiswahili changu kilikuwa cha kambini. Nilimposa kwa Kiswahili cha kambini, nikamlelea mtoto kwa Kiswahili hicho, na kila jioni nikamhoji kwa hichohicho. Umepita wapi? Nani alikuwepo? Mbona sokoni umechelewa? Hakuwa na kosa lolote, na nililijua hilo. Niliuliza kama mtu anavyogonga magurudumu kwa nyundo, kwa mazoea tu. Jioni moja aliweka kikapu chini akaniambia, "Afande, mimi si mahabusu wako." Alisema taratibu. Hakuwahi kuniita afande kabla ya hapo. Asubuhi alipanda kwao mlimani kwa dada yake, na wewe ukawa unakwenda na kurudi kila shule zikifungwa, huku mimi nikikuuliza, ukirudi, mambo ambayo mtoto hapaswi kuulizwa. Ukaacha kunisimulia kitu chochote cha huko. Tangu hapo sisi wawili tunazungumza magari.

Turudi kwenye gari, basi.

Siku tuliyotoa dashibodi ulifanya jambo lililonishinda kulielewa. Kwanza tulimwaga maji ya rejeta kubwa, tukafungua klipu za mipira kwenye ukuta wa bati, tukatoa lile sanduku la hita. Ndani kulikuwa na vumbi la miaka yote ya barabara za udongo wa murramu, majani, na kiota cha panya. Mimi ningelikung'uta nikaendelea. Wewe ulilipeleka bombani. Ukaliosha kwa sabuni, ukalisuuza, ukachukua kitambaa chenye maji ukafuta kila pembe, na matundu ya hewa ukayafuta kwa kijiti. Nilikuita mara nyingi.

"Amoding, hilo ni sanduku la hita, si sufuria."

"Baba, feni ikipuliza, vumbi hili linakwenda wapi?"

"Usoni."

"Basi."

"Utapiga chafya mara moja liishe."

Uliendelea kufuta. Kisha ukainama upande wa abiria ukaanza kuziba tundu za sakafu kwa vipande vya mpira, zile tundu ambazo vumbi na upepo huingilia. Za upande wa dereva, penye miguu yako mwenyewe, uliziacha.

Bado nilikuwa na Wafula kichwani. Nilijiambia, anamtengenezea kiti. Mjinga mimi. Wafula yule ambaye analala chini ya lori lake mwenyewe mvua ikinyesha?

Jana tuliporudisha kila kitu na kujaza maji, uliwasha injini, ukaiacha ingurume mpaka hewa yote itoke kwenye mipira na maji yashuke, ukaongeza mengine. Thamostati ilipofunguka nikagusa mpira wa kwanza, moto. Nikagusa wa pili, moto. Nikakuambia jaribu. Mtu yeyote anayejaribu hita ya gari lake huweka mkono mbele yake. Wewe ulishuka kwenye usukani, ukazunguka gari, ukapanda upande wa abiria, ukafunga mlango. Nilikutazama kupitia kioo. Ulifumba macho, ukavuta pumzi ndefu kwa pua, ukaishika, ukaitoa. Ukavuta tena. Ulikuwa unasikiliza kifua chako.

Hapo ndipo nilipojua. Hakuna aliyeniambia, Wafula usimlaumu. Niliwahi kuishi na mtu anayevuta pumzi hivyo, anayelala ameketi kila mwezi wa vumbi, ambaye baridi ya alfajiri inambana kifua mpaka midomo inabadilika rangi. Hutaki hita kwa ajili yako. Unamfuata mama yako Kapchorwa, umteremshe kabla hajazidiwa, na safari ya kutoka kule juu huanza gizani, kwenye baridi, madirisha yakiwa yamefungwa. Kazi ya sukari huenda ipo kweli. Lakini gari hukuliombea sukari.

Kama nimekosea, chana barua hii, uwape mbuzi wa Busiu. Sidhani kama nimekosea.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ndilo limenikalisha hapa. Leo mchana ulipokwenda kununua mafuta nilibaki na pikapu peke yangu. Nilifungua boneti nikatazama zile klipu mbili mpya kwenye mipira ya hita. Bisibisi ilikuwa mkononi. Klipu moja ikilegezwa kidogo tu, haionekani. Gari lingetembea vizuri mpaka Iganga, labda mpaka Tororo, kisha kipimo cha moto kingepanda, nawe ungerudi nyumbani kwa gari la kuvutwa, ukiwa umekasirika, ukiwa salama. Maana mlima ule nauogopa, Amoding. Naiogopa ile barabara ikinyesha, nawaogopa wevi wa ng'ombe wanaoteremka upande ule, naogopa msichana kupita huko na mgonjwa peke yake. Na jambo jingine naliogopa kuliko hayo, nalo ni aibu: kwamba ukishamleta Mbale, na akapona, mtakuwa wawili huko na hakuna atakayekuwa na sababu ya kurudi Jinja.

Niligusa klipu ya kwanza kwa ncha ya bisibisi. Kisha nikazikaza. Zote mbili, robo duara kila moja, nisizidishe maana mpira ungekatika.

Lakini usiniamini. Hapo hapo Busiu, kabla hujaendelea, ngoja injini ipoe, fungua boneti uzikague mwenyewe kwa bisibisi yako. Pitisha kidole chini ya kila mpira uone kama kina unyevu. Tazama maji. Sisemi hivi kwa unyonge. Nimekuambia nilichotaka kufanya, na mtu aliyekuambia hivyo unapaswa kumkagua. Kukagua mpira hakumuumizi mtu.

Ningeweza kukuita sasa hivi kutoka kwa jirani nikuulize. Ungenijibu, nadhani, kwa sababu wewe si mwongo. Umekuwa ukinificha tu, na mtu huficha kitu panapo mpekuzi. Lakini nikikuuliza leo utaondoka kesho ukiwa umehojiwa. Nimeona bora uondoke na gari zima, na maswali yabaki na mwenyewe.

Barabara ya kupanda usiipande jioni. Lala Mbale, upande kukipambazuka, umteremshe siku inayofuata. Umpeleke hospitali kubwa moja kwa moja, usipitie kwa mfanyabiashara wala kwa nani. Kijilango cha hewa chini ya dashibodi, upande wake, nimekigeuza kielekee miguuni. Ulikiacha kikielekea usoni. Joto la usoni linakausha koo, na mtu mwenye kifua atakohoa zaidi. Joto likianza miguuni hupanda lenyewe. Hilo nililijua siku nyingi na sikulifanyia kazi.

Kuna jambo la mwisho, na ni gumu kwangu kuliko kukaza klipu. Mama yako atauliza gari ni la nani. Atalitambua, mwambie ni lako, na hilo ni kweli tangu leo, karatasi nimezitia sahihi, nitakupa kesho pamoja na barua hii. Kisha miguu ikipata joto atauliza nani aliitengeneza hita, kwa sababu alikuwa anajua kwamba tuliikatia maji. Mimi maisha yangu yote nimedai ukweli kwa watu, hata usiokuwa na faida kwa yeyote. Ukiona atafurahi, mwambie ni mimi na wewe. Ukiona uso wake unafunga, au mkono wake unakwenda kwenye mlango, mwambie ni fundi mmoja wa Mbale, humjui jina, na uendelee kuendesha.

Baba